Shahada ya Kuendesha Michezo: Jinsi Uwanja Ulivyoingia Chuo Kikuu

Uwanja wa Ebbets Field ulifunguliwa mwaka 1913 huko Flatbush, Brooklyn, wakati mashabiki wa besiboli walipokuwa wakifika kwa tramu, kwa treni ya chini ya ardhi au kwa miguu. Uliingiza watazamaji wapatao 32,000, na nafasi za kuegesha magari zilikuwa 700 hivi tu. Kwa zaidi ya miaka 30 jambo hilo halikumsumbua mtu. Baada ya Vita Kuu ya Pili hali ilibadilika: familia nyingi za Brooklyn zilinunua magari na kuhamia vitongoji vipya vya Long Island, na televisheni ikaanza kuwaletea mechi sebuleni. Timu ya Dodgers ilikuwa miongoni mwa timu bora za Marekani, na mwaka 1955 ilitwaa ubingwa wa World Series, lakini mafanikio hayo hayakuwarudisha mashabiki waliokwisha kuhama.

Mzigo huo ulimwangukia Walter O'Malley, mwanasheria aliyewahi pia kufanya kazi za uhandisi, ambaye alishika usukani wa Dodgers mwishoni mwa mwaka 1950. Mwaka 1953 aliona jambo lililomkosesha usingizi. Timu ya Braves ilihama kutoka Boston kwenda Milwaukee, ikapewa uwanja mpya wenye maegesho makubwa, na katika msimu wa kwanza ikaingiza watazamaji zaidi ya 1,800,000. O'Malley alianza kutafuta kiwanja cha kujenga uwanja wake mwenyewe Brooklyn. Aliwaita wahandisi, akazungumza na mbunifu Buckminster Fuller kuhusu uwanja wenye paa la kuba, akabishana kwa miaka na Robert Moses, ofisa aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya ardhi ya New York. Moses hakukubali. Tarehe 8 Oktoba 1957 Dodgers ilitangaza kwamba inahamia Los Angeles.

Nimeanza na mkasa huu kwa sababu bila huo ni vigumu kuelewa barua aliyoiandika O'Malley mwaka huohuo. Mtu aliyetumia miaka mingi akisoma michoro ya viwanja, akipima mikataba ya ujenzi na kuhesabu mapato ya viingilio, alikuwa amegundua kwamba kuendesha mchezo ni kazi yenye ujuzi wake, nayo haifundishwi popote. Barua ilikwenda kwa James G. Mason, mwalimu wa elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Miami, Coral Gables. O'Malley aliuliza: ni wapi anapopatikana mtu aliyeandaliwa kwa masomo ili aendeshe uwanja, ukumbi wa maonyesho, kiwanja cha mbio za farasi au bandari ya mashua za starehe? Kisha akaorodhesha anachopaswa kujua mtu huyo: kusoma ramani za wahandisi, kutoa zabuni, kuuza tiketi na kuzitolea hesabu, kusimamia wauza vyakula, na kuuza matangazo.

Msomaji atauliza kwa nini barua kama hiyo ilipelekwa kwa mwalimu wa viungo badala ya mkuu wa shule ya biashara. Wapo wanaojibu kwamba ni suala la kufahamiana tu. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba besiboli ya kulipwa haihesabiwi kuwa biashara kati ya majimbo, na mwaka 1953 mahakama hiyo iliacha uamuzi wake usimame. Ikiwa majaji wenyewe walikataa kuuita mchezo biashara, profesa wa biashara angeutazama kwa jicho gani? Michezo chuoni ilikuwa na makao mengine. Tangu karne ya 19 ilikuwa imekaa na walimu wa viungo, katika vyuo kama kile cha Springfield, Massachusetts, ambako James Naismith alibuni mpira wa kikapu mwezi Desemba 1891. Makocha walitoka huko, na wakurugenzi wa michezo wa vyuo walikuwa kwa kawaida makocha waliozeeka. Kwa hiyo O'Malley alibisha hodi kwenye mlango pekee uliokuwapo.

Mason alilipokea wazo hilo na kulifanyia kazi, akaandaa mtaala. Miami haikuutekeleza. Ilibidi ipite karibu miaka tisa, Mason akiwa amehamia Chuo Kikuu cha Ohio katika mji mdogo wa Athens, ndipo mwaka 1966 wanafunzi wa kwanza walipopokelewa katika shahada ya uzamili ya utawala wa michezo.

Je, huo ndio mwanzo wa kweli? Wanahistoria wa somo hili hawakubaliani wote. Chuo cha Florida Southern kilikuwa kimeanza kufundisha uendeshaji wa biashara ya besiboli tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na anayehesabu kwa tarehe tupu atakipa chuo hicho heshima ya kwanza. Hata hivyo masomo hayo yalifungwa baada ya takriban muongo mmoja bila kuacha mrithi. Programu ya Athens ilidumu, ikaigwa, na wahitimu wake wakawa walimu na waajiri wa waliofuata. Kwa maoni yangu, katika historia ya elimu chuo kinachoacha wanafunzi wanaoendeleza kazi kina haki kubwa zaidi ya kuitwa chimbuko, hata kama kingine kilitangulia.

Wakati pia uliisaidia Ohio. Mwaka 1961 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoruhusu ligi kuuza kwa pamoja haki za matangazo ya televisheni, na fedha zikaanza kuingia kwa kiasi ambacho viingilio vya mlangoni havikuwahi kukifikia. Mwaka 1965 Houston ilifungua Astrodome, uwanja wa kwanza mkubwa wa besiboli wenye paa, ambao ulihitaji kujazwa shughuli mwaka mzima. Mwaka 1966, ligi mbili za mpira wa Kimarekani, NFL na AFL, zilikubaliana kuungana. Klabu ambayo zamani iliendeshwa na mwenye mali, ndugu zake na karani mmoja wa tiketi sasa ilihitaji watu wa masoko, wa mikataba na wa vyombo vya habari. Programu ya Athens iliwapeleka wanafunzi wake moja kwa moja kwenye klabu hizo kwa mafunzo ya vitendo, yale ambayo wanafunzi wetu huyaita fildi. Utaratibu huo ulikuwa nguvu yake kubwa, na baadaye, kama tutakavyoona, ulizaa dhuluma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst kilianzisha shahada yake ya uzamili, na St. John's cha New York pamoja na Biscayne College cha Miami vilifungua masomo ya shahada ya kwanza. Bado ilikuwa familia ndogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1980 ulihesabu programu 20 za uzamili na 3 tu za shahada ya kwanza. Kisha ikatokea jambo la kushangaza. Mwaka 1985 programu zilikuwa 83, na mwaka 1993 zilikuwa 193.

Hapa ndipo inapotulazimu kutulia, kwa sababu mengi yanayobishaniwa leo juu ya elimu hii yana mizizi katika miaka hiyo michache.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba biashara ya michezo ilikua, ikahitaji watu, na vyuo vikaitikia. Wanaoshikilia maelezo haya huitaja Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984. Miji mingi iliogopa kuandaa mashindano hayo baada ya Montreal kubaki na madeni makubwa ya mwaka 1976. Peter Ueberroth, mfanyabiashara wa mambo ya usafiri, aliyaendesha yale ya Los Angeles kwa udhamini wa makampuni na haki za televisheni, akatumia viwanja vilivyokuwapo, na mwisho ikabaki ziada ya zaidi ya dola milioni 200. Vijana wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba mtu anaweza kufanya maisha katika michezo bila kupiga mpira wala kukimbia. Hilo ni kweli. Lakini tuzihesabu ajira zenyewe. Ligi kuu ya besiboli ilikuwa na timu 26 mwaka 1977, na ilikuwa na timu 26 zilezile mwaka 1992. NFL ilikuwa na timu 28 tangu mwaka 1976, na haikuongeza hata moja hadi mwaka 1995. Ofisi za klabu ziliongeza wafanyakazi, ndiyo, na palikuwapo pia vyuo, miji na makampuni ya wadhamini, lakini hakuna ongezeko la ajira linaloweza kueleza programu kuzidi mara tatu ndani ya miaka mitano.

Maelezo ya pili hayatupi shujaa wa kumsifu, nayo yanatoka ndani ya vyuo vyenyewe. Mwaka 1963 James Bryant Conant, rais wa zamani wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu juu ya mafunzo ya walimu wa Marekani, na humo alipendekeza masomo ya uzamili ya elimu ya viungo yafutwe kwa sababu hayana kina. Idara za viungo ziliumizwa na kauli hiyo. Mwaka uliofuata Franklin Henry wa California alijibu kwa hoja kwamba elimu ya viungo ni taaluma kamili, na idara zikaanza kujigawa katika matawi: fiziolojia ya mazoezi, saikolojia ya michezo, sosholojia ya michezo. Kabla hazijatulia likaja pigo la pili. Kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya vita kilimaliza shule, idadi ya watoto madarasani ikapungua, na katika miaka ya 1970 nafasi za kuajiri walimu zikakauka. Idara iliyokuwa ikiishi kwa kuandaa walimu wa viungo ilibaki na wahadhiri na kumbi za mazoezi, ikakosa wanafunzi. Usimamizi wa michezo ulikuwa jina lenye mvuto, haukuhitaji maabara, na wahadhiri waliokuwapo waliweza kuhamishiwa huko.

Ninaamini maelezo haya ya pili ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi kwa kipindi cha 1980 hadi 1993, ingawa ya kwanza yanafaa zaidi kwa miaka ya Mason. Somo hili, kwa maneno mengine, lina wazazi wawili: mwajiri aliyelitaka liwe, na idara yenye njaa iliyolilea. Mwajiri alihitaji watu wachache waliopikwa vizuri, na idara ilihitaji wanafunzi wengi. Mvutano huo haujawahi kutatuliwa.

Matokeo yake ya kwanza yalionekana madarasani. Wahadhiri wengi walifundisha walichokijua: kupanga ratiba za mashindano, kutunza vifaa, kuendesha idara ya michezo shuleni. Fedha, sheria na masoko vilipewa saa chache, au wanafunzi walitumwa shule ya biashara wakasikilize mifano ya viwanda vya sabuni. Waliolitambua tatizo hilo mapema walikuwa wachache, na kati yao Wakanada walikuwa na sauti kubwa. Earle Zeigler alikuwa ameandika kwa miaka mingi kwamba utawala wa michezo unahitaji nadharia yake. Packianathan Chelladurai, aliyetoka India na kupata uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Waterloo mwaka 1978, alileta nadharia hiyo kwa kuchunguza uongozi wa makocha na kuonyesha kwamba mtindo mmoja haufai timu zote, kwani unategemea wachezaji na mazingira yao.

Mwaka 1985 watafiti wa Marekani na Kanada waliunda Chama cha Usimamizi wa Michezo cha Amerika Kaskazini, NASSM, wakafanya mkutano wa kwanza mwaka uliofuata katika Chuo Kikuu cha Kent State, na mwaka 1987 likatoka jarida la Journal of Sport Management, wahariri wake wa kwanza wakiwa Janet Parks na Gordon Olafson. Mwaka 1993 chama hicho, kwa kushirikiana na chama cha walimu wa viungo, kilitoa viwango vya mtaala ili programu zilizochipuka kila kona zipimwe. Tume ya ithibati, COSMA, ilikuja mwaka 2008. Hata hivyo kuomba ithibati yake ni hiari. Programu za Marekani leo zimezidi 400, nyingi hazina ithibati hiyo, na mzazi anayelipa ada hana njia rahisi ya kutofautisha darasa lenye kina na lile lililofunguliwa kujaza viti.

Jambo jingine lililotokea katika kipindi hichohicho huelezwa kwa haraka mno vitabuni, nami sitaki kulipita. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha kifungu cha sheria kijulikanacho kama Title IX, kilichokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Wasichana waliingia viwanjani kwa mamia ya maelfu, na huo ni ushindi usio na shaka. Lakini kabla ya hapo michezo ya wanawake vyuoni iliendeshwa na wanawake wenyewe: zaidi ya asilimia 90 ya makocha wa timu za wanawake walikuwa wanawake, na idara zao zilikuwa na wakurugenzi wao. Chama chao, AIAW, kilianzishwa mwaka 1971 na kiliandaa mashindano ya kitaifa. Sheria ilipoleta fedha na hadhi, vyuo viliunganisha idara mbili kuwa moja, na mara nyingi mkurugenzi mwanamume ndiye aliyebaki kwenye kiti. NCAA, chama cha wanaume kilichoanza mwaka 1906, kilianzisha mashindano yake ya wanawake mwanzoni mwa miaka ya 1980, na AIAW ikafa ndani ya muda mfupi. Kufikia muongo uliopita makocha wanawake wa timu za wanawake walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 43. Wengine hueleza kwamba mishahara mipya iliwavuta wanaume kwenye kazi ambazo hawakuzitaka zamani. Wengine husema wanaoajiri huajiri wanaofanana nao. Sababu zote mbili zilifanya kazi pamoja, na zilifanya hivyo katika miaka ileile ambayo shahada za usimamizi wa michezo zilikuwa zikiongezeka. Madarasa mengi ya somo hili yakajaa vijana wa kiume, wakifundishwa historia ambayo haikuwaeleza kwamba kizazi kizima cha viongozi wanawake kilikuwa kimeondoshwa.

Sasa turudi kwenye fildi. Mason alipoiweka katika mtaala, wanafunzi walikuwa wachache na klabu zilijua kwamba zinamwandaa mtu zitakayemwajiri. Programu zilipozidi mamia, hesabu iligeuka. Kila msimu maelfu ya wanafunzi walitafuta nafasi ya miezi michache katika ofisi zilezile, na ofisi zikagundua kwamba hazilazimiki kulipa. Mwanafunzi alilipa ada chuoni ili apate alama za kwenda kazini, akajipangia chumba katika mji wa mbali, akauza tiketi kwa simu kuanzia asubuhi na kupanga viti usiku, kisha akarudi nyumbani na barua ya shukrani. Mwenye wazazi wa kumtunza alivumilia, na asiye nao aliacha. Hivyo chujio la kuingilia kazi likawa uwezo wa kuishi bila mshahara, na ni wazi lilimchuja nani. Mwaka 2010 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitoa vigezo sita vya kupima kama mafunzo ya bure ni halali; mwaka 2018 ikaviacha na kuchukua kipimo kilicholegea zaidi, cha kuangalia nani ananufaika kuliko mwenzake. Lipo kundi la wahadhiri linalosema chuo kisitoe alama kwa kazi isiyolipwa hata kidogo. Wapo wanaohofu kwamba klabu ndogo zitafunga milango. Mimi naona wa kwanza wana haki, kwa sababu chuo kinachopokea ada kwa jasho la mwanafunzi hakiwezi kujiita mtazamaji.

Wakati vyuo vikibishana, waajiri wakubwa walianza kuchukua watu kwingine. Novemba 2002 Boston Red Sox ilimteua Theo Epstein kuwa meneja mkuu akiwa na umri wa miaka 28. Alikuwa amesoma masuala ya Marekani katika Chuo Kikuu cha Yale, kisha sheria. Mwaka 2003 kilitoka kitabu cha Michael Lewis, Moneyball, kilichosimulia jinsi Oakland Athletics ilivyotumia takwimu kununua wachezaji waliodharauliwa. Mwaka 2007 shule ya biashara ya MIT ilianza kuandaa mkutano wa takwimu za michezo, ambao baadaye ulivuta mameneja wa ligi zote. Klabu zikatafuta watu wa hisabati na kompyuta. Shule za biashara, ambazo miaka 50 nyuma hazikuona biashara yoyote humo, sasa zilifungua milango, na idara za viungo zilizoilea shahada zikalazimika kuitetea. Programu nyingi zimeongeza somo moja au mawili ya takwimu. Hilo halitoshi kumshindanisha mwanafunzi na aliyesoma takwimu miaka minne.

Ulaya ilifuata njia tofauti kidogo, kwa sababu huko mashirikisho yalitangulia klabu katika kulidai somo. Chama cha Ulaya cha usimamizi wa michezo kiliundwa mwaka 1993. Mwaka 1995 FIFA, Chuo Kikuu cha Neuchâtel na mamlaka za mji na jimbo hilo la Uswisi walianzisha kituo cha CIES, na mwaka 2000 kituo hicho kikaanza shahada ya uzamili inayosomwa katika nchi tatu: Uingereza, Italia na Uswisi. Idadi ya wanaopokelewa ni ndogo makusudi. Tsuneyasu Miyamoto, nahodha wa zamani wa Japani, alipita hapo baada ya kustaafu soka, na mwaka 2024 akawa rais wa shirikisho la nchi yake. Kwa namna fulani huo ni mpango wa Mason wa awali: watu wachache, na mwajiri anayejulikana.

Marekani ina fundo ambalo Ulaya haina. Vyuo vinavyofundisha usimamizi wa michezo ni vyuo vilevile vinavyoendesha michezo mikubwa na, kwa zaidi ya karne moja, kuwakataza wachezaji wao kulipwa. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua ridhaa hiyo, yaani kucheza bila kulipwa, kwa karibu. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Suleiman Nyambui wa Tanzania aliikimbilia El Paso, Texas, akashinda mataji ya vyuo, akapata fedha ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na miaka mingi baadaye akawa katibu mkuu wa chama cha riadha nchini. Walichopewa kwa miguu yao kilikuwa masomo, chumba na chakula. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba NCAA haiwezi kuzuia mafao yanayohusiana na masomo, na tangu Julai mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao. Tarehe 6 Juni 2025 jaji aliidhinisha suluhu ya kesi kubwa zaidi: wachezaji wa zamani kulipwa fidia ya takriban dola bilioni 2.8, na vyuo kuruhusiwa kugawana na wachezaji wa sasa hadi dola milioni 20.5 hivi kwa mwaka wa kwanza. Sura nzima za vitabu vya kiada kuhusu ridhaa zimepitwa na wakati kwa saini moja, na mhadhiri anayefundisha haki za wafanyakazi michezoni sasa anazungumza juu ya vijana walioketi mbele yake.

Kwetu, historia ni fupi zaidi lakini inafanana pale palipo muhimu. Tanzania ilitunga sheria ya Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya darasa la Athens. Uongozi na utawala wa michezo hufundishwa katika Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Na huko Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichokua kutoka chuo cha walimu, kimekuwa kitovu cha masomo haya kwa muda mrefu. Mzazi mmoja wa somo, yaani idara ya kuandaa walimu, tulikuwa naye tangu mwanzo. Mzazi wa pili alichelewa, kwa sababu klabu zetu ziliendeshwa na wanachama kwa kujitolea na viwanja vikubwa vilikuwa mali ya umma. Anaanza kuonekana sasa: mwaka 2017 wanachama wa klabu ya Simba waliridhia mfumo wa hisa, na klabu zikaanza kuajiri watendaji wakuu, wahasibu na watu wa habari. Chama cha Afrika cha usimamizi wa michezo kipo tangu mwaka 2010.

Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja michuano ya CHAN. Soka lilipendeza, na viwanja vya Dar es Salaam na Zanzibar vilipokea wageni. Nairobi mashabiki walifurika uwanja wa Kasarani kiasi cha kuvunja vizuizi vya milangoni, na shirikisho la Afrika likaagiza kwamba mechi ya Kenya dhidi ya Zambia iuziwe tiketi 27,000 tu, katika uwanja unaoweza kupokea zaidi ya 40,000. Kila tiketi iliyozuiwa ilikuwa fedha iliyopotea na shabiki aliyebaki nje, na chanzo hakikuwa uhaba wa mapenzi wala wa viti. Kupanga foleni, kugawa mageti, kukagua tiketi za kielektroniki na kuwapanga askari na wasimamizi kabla umati haujafika ni ujuzi unaofundishika, wenye vitabu na mitihani yake.

Nchi hizo tatu zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2027. Kwa ajili hiyo viwanja vipya vimekuwa vikijengwa Arusha, Hoima na pale Talanta, Nairobi, ambako uwanja umepangwa kuchukua watu 60,000. Mashindano huchukua takriban mwezi mmoja. Kinachobaki ni miaka 40 au 50 ya nyasi za kumwagilia, taa za kulipia, kumbi za kukodisha na mikataba ya matangazo, katika miji ambayo baadhi yake haina klabu ya kujaza hata robo ya viti. Ajira za kudumu za wahitimu wetu ziko katika miaka hiyo, na wizara zinazojenga zinapaswa kuzitangaza kabla saruji haijakauka, zikitaja sifa za elimu zinazotakiwa na mshahara utakaolipwa, wa mwanafunzi wa fildi ukiwa ndani yake.